Machozi yako na nyota mbili za Ebert

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 20. Nimeitazama Dead Poets Society, ile filamu ya mwalimu wa ushairi katika shule ya bweni ya wavulana, mara tatu, na mara zote nimelia pale wanafunzi wanapopanda juu ya madawati kumuunga mkono mwalimu huyo aliyefukuzwa. Juzi mjomba wangu, ambaye kwa sinema hashindiki, amenicheka. Kanionyesha kwamba Roger Ebert, mhakiki ambaye hata mimi namheshimu, aliipa filamu hiyo nyota mbili kati ya nne. Mjomba anasema nimelizwa kwa hila nami nikakubali. Je, ni kweli? Na mbona filamu hizi za vijana wa zamani zinagombanisha watu kuliko nyingine?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mjomba hajakudanganya. Filamu ilipotoka Juni 1989, Ebert aliiandikia uhakiki mkali katika gazeti la Chicago Sun-Times, na nyota zilikuwa mbili kweli. Ila nyota hazina mdomo. Ukitaka kujua kama ulilizwa kwa hila, soma maneno yaliyoandikwa chini yake.

Malalamiko yake matatu nayakumbuka vizuri. La kwanza, washairi wanaotajwa darasani hawasomwi kwa kuheshimu lugha yao. Wanachunwa tu, mistari inageuzwa kaulimbiu. La pili, hadithi imewekwa mwaka 1959, vijana wanajiona waasi, usiku wanatoroka bweni kwenda pangoni kusoma mashairi, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia Kerouac au Ginsberg, waandishi waliokuwa vinara wa vijana waasi. Waasi wa Marekani wa mwaka ule wasiowajua hao wawili! La tatu ndilo zito: mwalimu bora wa ushairi akimaliza muhula huwaacha wanafunzi wakiupenda ushairi, ilhali huyu Keating anayeigizwa na Robin Williams amewaacha wakimpenda Keating. Na pale kwenye madawati palipokutoa machozi, Ebert aliandika kwamba alitamani kutapika.

Sasa lirudie hilo la tatu, ujiulize kama ni uongo. Mimi naliona ni kweli tupu. Todd, yule mtoto mwenye haya aliyeigizwa na Ethan Hawke, hapandi dawati kwa ajili ya beti za mshairi Whitman. Anapanda kwa ajili ya mtu mzima wa kwanza aliyemtazama usoni akamwambia kuwa ndani yake mna kitu. Ebert alikiona kile kile ulichokiona wewe. Yeye akakiandika kwenye safu ya makosa, wewe ukakililia.

Nimehakiki filamu na kuzifundisha kwa miaka mingi, na kwenye filamu za makuzi zinazorudi zama za nyuma nimeliona hili mara nyingi mno: kasoro na machozi hukaa kiti kimoja. Huwezi kumfukuza mmoja mwenziwe akabaki. Ndiyo maana ugomvi wa filamu hizi hauishi, kwa sababu pande zote mbili zinanyoosha kidole mahali pale pale.

Kuhusu hila, nakupa kazi ndogo. Itazame ile sehemu ya mwisho mara ya nne, lakini safari hii usiwaangalie waliosimama. Waangalie waliokaa. Wapo wanafunzi kadhaa wasiosimama. Wameinamisha vichwa, wanatazama madaftari, wanasubiri jambo lipite. Mwongozaji Peter Weir angeweza kuwasimamisha wote. Muziki wa Maurice Jarre ulikuwa tayari umeshapanda, na hakuna mtazamaji ambaye angelalamika. Mtu anayetaka kukuliza kwa hila huwasimamisha wote. Weir amewaacha waliokaa mbele ya kamera, na uoga wao ndio unaompa Todd thamani. Hapo namwona Ebert alipitiwa. Kwa Kerouac, lakini, nampa haki yake yote.

Tuje kwenye swali lako la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza.

Filamu ya aina hii ina saa mbili za ukutani zinazokwenda kwa pamoja. Saa ya kwanza ni ya umri: mtoto anaingia upande huu na kutokea upande ule akiwa mtu mwingine. Saa ya pili ni ya zama: ulimwengu wote anaokulia umeshapita, na mtazamaji anajua ulipoishia. Kijana wa 1959 hajui kwamba vita vya Vietnam vinamsubiri. Wewe unajua. Kabla mwandishi hajaandika neno la huzuni, huzuni imeshaingia kwa mlango wa nyuma, na wewe ndiye uliyeibeba.

Wanasaikolojia wamechunguza namna watu wazima wanavyokumbuka maisha yao, na wameona kuwa kumbukumbu hazikusambaa sawasawa. Zinarundikana kwenye miaka ya kati ya utoto na utu uzima, takriban kumi hadi thelathini. Hapo ndipo waongozaji nao wanapochota. George Lucas alitengeneza American Graffiti mwaka 1973 kuhusu usiku mmoja wa 1962, miaka 11 tu nyuma. Tom Schulman, aliyeandika Dead Poets Society akapata Oscar kwa muswada huo, alichota kwenye shule aliyosoma mwenyewe. Mwongozaji Mfaransa Louis Malle alisubiri zaidi ya miaka arobaini. (Kwa kujifurahisha tu: ile hamu ya kurudi kwetu kwa jana ilianza maisha kama ugonjwa. Mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa tiba wa Uswisi, ndiye aliyeipa jina la nostalgia, akiwaeleza vijana waliodhoofika kwa kukumbuka nyumbani.)

Kwa hiyo utadhani wanaolia ni wale walioziishi zama hizo. Sivyo. Dead Poets Society ilipofika Ufaransa mwaka 1990 iliuza tiketi zaidi ya milioni 6, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya César ya filamu bora ya kigeni. Wafaransa hao hawakusoma katika shule ya bweni ya wavulana huko Vermont. Wewe pia hukusoma huko. Saa ya zama haiwezi kuwaliza. Ni saa ya umri. Kazi ya zama ni nyingine, na naona wahakiki wengi hawaitaji: zinampa mtazamaji ruhusa. Hadithi ile ile ukiiweka leo, nusu ya watu ukumbini wataanza kuuliza mbona kijana hakumtumia mwalimu ujumbe, mbona mama hakumpeleka kwa mshauri nasaha. Ukiivisha makoti ya 1959, maswali yananyamaza. Mtu analilia ujana wake huku akijiambia kwamba analilia wa wengine.

Mhakiki naye? Mhakiki wa gazeti hutazama mamia ya filamu kwa mwaka. Mwalimu mwenye moto ameshamwona. Baba mkali ameshamwona. Rafiki anayekufa ili shujaa apate kukua, huyo amemzika mara nyingi hata hahudhurii tena matanga. Uchovu huo watu huuita majivuno, mimi nauona kama sugu ya mkono wa fundi: inampunguzia hisia, lakini ndiyo inayomwezesha kushika vyuma vya moto. Mhakiki mzuri, uchovu wake unamfanya aulize jambo ambalo mtazamaji mwenye machozi hana nafasi ya kuliuliza: ni nani anayekumbuka hapa, na ni nani amesahauliwa?

American Graffiti ndiyo mfano ninaoupenda darasani. Ilitengenezwa kwa pesa isiyofika dola 800,000. Ilipoonyeshwa kwa majaribio San Francisco, ukumbi ulishangilia, na bosi wa studio akatoka nje akiwa amechukia. Baadaye ikaingiza zaidi ya dola milioni 100. Bango lake liliwauliza watu walikuwa wapi mwaka 1962, na watu wakaenda kujibu. Mwishoni, ndege inapopotea angani, yanatokea maandishi mafupi juu ya hatima ya vijana wanne wa hadithi: mmoja aligongwa na dereva mlevi akafa, mwingine alipotea vitani Vietnam, wa tatu akawa wakala wa bima, wa nne mwandishi. Ukumbi mzima kimya. Ni sekunde chache, na ndizo zinazoigeuza filamu ya magari na muziki kuwa filamu ya msiba.

Wanne hao wote ni wavulana. Wasichana tuliokesha nao usiku huo huo hawakupata hata mstari. Mhakiki Pauline Kael ni mmoja wa waliolisema hilo, na ukishaambiwa huwezi tena kuacha kuliona. Ona tena viti vyetu: maandishi yale yale yanayoliza ndiyo yenye dosari. Lucas alikumbuka kwa uaminifu namna wavulana wa mji wake walivyoukumbuka usiku wao, na katika kumbukumbu hiyo wasichana hawakuwa na kesho.

Zipo filamu ambamo mhakiki na mtazamaji hutoka mlango mmoja, lakini ni chache. Au revoir les enfants ya Malle ni mojawapo. Ilishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, mwaka 1987, kisha ikakusanya César saba, na wala haikuwa filamu ya wataalamu peke yao. Inasimulia shule ya bweni ya Kikatoliki wakati Ufaransa imekaliwa na Wajerumani, ambamo mapadri wanawaficha watoto wa Kiyahudi kwa majina ya uongo. Malle alikuwa na miaka 11 yalipompata hayo, Januari 1944. Ndani ya filamu, afisa anaingia darasani kumtafuta mtoto wa Kiyahudi, na mvulana Julien, bila kukusudia, anageuka kumwangalia rafiki yake. Ni jicho tu. Sekunde moja. Afisa ameliona.

Pale hakuna sukari ya kumkera mhakiki, na machozi yapo ya kutosha kila mtu. Nimejiuliza sana siri yake, nami naamini ni hii: anayekumbuka hatuombi tumpende. Filamu nyingi za makuzi, hata nzuri, zina ombi la chinichini linalosema nitazameni nilivyokuwa mtoto mwenye hisia. Malle analeta kumbukumbu inayomshtaki mwenyewe, na mtu anayejishtaki hana haja ya wakili wala mwendesha mashtaka.

Kuna kisa kingine cha kumpa mjomba, kwa sababu wajuzi hupenda kusema kwamba watazamaji waliikataa filamu fulani, kana kwamba kesi imefungwa. Cinema Paradiso, hadithi ya mvulana na ukumbi wa sinema wa mji wake mdogo, ilipotoka Italia mwaka 1988 ilikuwa na dakika 155, na watu hawakwenda. Ikapunguzwa hadi takriban saa mbili. Filamu hiyo hiyo, bila siku moja ya ziada ya kupiga picha, ikapata tuzo kubwa ya jopo la majaji huko Cannes mwaka 1989, na mwaka uliofuata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Kisha mwaka 2002 likatolewa toleo refu la dakika 173, ambamo yule mvulana, sasa mtu wa makamo, anakutana tena na msichana aliyempenda na kuelezwa kwa nini walipotezana. Wapo walioshukuru kuambiwa. Wapo, nami ni mmoja wao, waliohisi wamenyang'anywa kitu. Katika toleo fupi huelezwi, na yale mabusu yaliyokatwa kwenye filamu kwa amri ya padri na kuunganishwa mwishoni yanabaki kujibu peke yao. Basi ukisikia watu waliikataa filamu, uliza kwanza waliikataa ipi.

Juu ya alama sitakaa sana. Mjomba amekuletea nyota, ambazo angalau mtu mmoja aliyeitazama filamu alizichagua. Wengine wangekuletea asilimia. Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, haisemi filamu ni nzuri kiasi gani. Inasema ni wahakiki wangapi kati ya mia walielekea kuipenda. Filamu ambayo kila mtu ameiona ya kuridhisha tu inaweza kupata mia, na ile iliyowagawa watu kati ya mapenzi makali na chuki ikapata hamsini. Lady Bird ya 2017, inayorudi mwaka 2002 huko Sacramento, ilipita wahakiki zaidi ya 160 bila kupata hata mmoja wa kuikataa. Mwishowe mhakiki mmoja aliyeipa B ya kutoa akaiweka upande wa wabaya, akieleza kwamba alikuwa akiijibu hiyo mia yenyewe. Mia ikawa tisini na tisa, na watu wakamshukia kama nyuki. Kwa B ya kutoa!

Alama za watazamaji nazo zina mtego wake. CinemaScore, kampuni inayopima maoni ya watazamaji, hugawa kadi ukumbini usiku wa kwanza wa onyesho, kwa hiyo anayejaza ni mtu aliyeichagua filamu, akalipa, akawahi. The Fabelmans ya Steven Spielberg, inayosimulia utoto unaofanana na wake katika miaka ya 1950 na 1960, ilipata A kwenye kadi hizo, na kabla ya hapo mwaka huo huo wa 2022 watazamaji wa tamasha la Toronto waliipigia kura kuwa chaguo lao. Mapato yake duniani kote yalikuwa takriban dola milioni 45, na utengenezaji peke yake uligharimu karibu 40. Waliokuja waliipenda sana. Wasiokuja hawana kadi.

Jambo moja zaidi kabla sijarudi kwako, kwa kuwa lazima utakutana nalo. Siku hizi ugomvi mkubwa hauhusu sukari, unahusu maadili ya zama. Licorice Pizza ya 2021 imewekwa mwaka 1973; ndani yake mwanamke wa miaka 25 na mvulana wa miaka 15 wanavutana, na mwenye mkahawa mmoja anaigiza kwa kejeli lafudhi ya Kijapani mbele ya mke wake Mjapani. Wahakiki wengi waliisifu. Watazamaji kadhaa, pamoja na chama kinachotetea namna Waasia wa Marekani wanavyoonyeshwa, walikasirika, na chama hicho kikataka filamu isipewe tuzo. Utetezi ulikuwa ule uliozoeleka, kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa. Mimi utetezi huo haunitoshi. Maleba ni ya 1973, kamera ni ya 2021. Ninachotazama ni kamera imesimama wapi wakati watu wanacheka: karibu na anayechekesha, au karibu na anayechekwa. Hapo kila mtazamaji atajaza jibu lake, na si dhambi ukilitofautisha na la mhakiki.

Sasa wewe na madawati yako. Niliiona Dead Poets Society kwa mara ya kwanza nikiwa na umri kama wako, nikalia pale pale unapolia. Niliirudia baada ya miaka ishirini hivi, nikiwa nimeshasimama mbele ya madarasa mengi, na pale juu ya madawati nilibaki mkavu. Nilichokiona safari hiyo ni Keating anamwuliza mwanafunzi wake Neil kama amezungumza na baba yake kuhusu kuigiza, Neil anamdanganya kwamba amezungumza, na mwalimu anamtazama kidogo, anasita, halafu analiacha lipite. Kusita kule kulinikaba koo. Ni mwalimu gani hajawahi kuliacha jambo lipite? Halafu nikamwona baba yake Neil, niliyekuwa nimemchukia kwa miaka ishirini. Si tajiri kama wazazi wa wenzake. Ni mtu aliyeweka akiba yake yote kwenye farasi mmoja, na anaogopa. Alipoingia kwenye kile chumba cha kusomea usiku, akamkuta mwanawe amejiua, nililia kuliko nilivyolia ujanani.

Filamu ilikuwa ile ile, kiti ndicho kilichobadilika. Tena hubadilika hata bila wewe kuzeeka: Williams alipofariki Agosti 2014 watu walimuaga kwa kupanda juu ya meza, Jimmy Fallon akafanya hivyo kwenye kipindi chake cha televisheni, na tangu hapo sijui kama yupo anayeweza kuilia sehemu ile kwa ajili ya Todd peke yake. Mwaka huo huo mwalimu wa fasihi Kevin Dettmar aliandika katika The Atlantic kwamba filamu hii inayatetea masomo ya sanaa na fasihi vibaya mno, na akaonyesha jinsi Keating anavyolipotosha shairi la Robert Frost kuhusu njia mbili msituni. Lisome shairi lenyewe utaona: mshairi anakiri kwamba njia zote mbili zilikuwa zimechakaa karibu sawa. Dettmar yuko sahihi, na wanafunzi wa Keating wangefeli mtihani wangu.

Machozi yako hayakuibwa, mwanangu. Usiyatetee kwa mjomba kwa kusema filamu haina kasoro. Ataishinda hoja hiyo kabla chai haijapoa. Mkubalie yote matatu ya Ebert, hata la mwalimu anayependwa kuliko ushairi, kisha mwulize yeye alimpenda mwalimu gani, na kama leo anakumbuka lolote alilofundishwa na mtu huyo. Akishajibu, mwulize pia ameitazama lini mara ya mwisho. Ebert alitoa nyota zake mbili baada ya kukaa hadi taa zikawaka, na nina wasiwasi kwamba mjomba wako amezitoa kwa mkopo.